Sisi na Virusi: Neno la Mtu wa Maabara

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Iringa)



Awali ya yote namshukuru Katibu kwa kunipa dakika 20 za kuzungumza juu ya jambo lolote ninalolijua. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali kwa zaidi ya miaka 30, mingi yake Mbeya na michache hapa hapa Iringa. Kwa hiyo jambo ninalolijua ni damu za watu. Msiwe na wasiwasi, sitataja damu ya mtu yeyote aliyemo humu ukumbini, na chakula cha mchana kiko pale pale.

Kabla sijaendelea, nawaomba wale tuliozaliwa kabla ya mwaka 1970 tukunje mikono ya mashati. Tazameni vizuri. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya ndui. Tulichanjwa tukiwa watoto, tumepanga mstari, wengine wakilia, wengine wakitorokea kwenye mahindi. Tulidhani bwana afya anatutia dawa. Kumbe alikuwa anatutia kirusi kilicho hai, kiitwacho vaksinia, ndugu wa ndui, wa jamii moja na ndui za ng'ombe na farasi. Mwili ulizoeana na huyo ndugu mpole, na ndui mwenyewe alipobisha hodi alikuta mlango umefungwa.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka nchini Somalia, mwezi Oktoba 1977. Mwezi huo mimi na wenzangu wa mkondo wangu tulikuwa tunatetemeka kwa baridi na kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Maalin alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka. Miaka ya baadaye Maalin alifanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio nchini kwake, akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Basi, ndugu zangu, kila mwenye kovu hapa anatembea na alama ya urafiki wa ajabu. Kirusi kilitusaidia kukiondoa kirusi. Naomba mliweke jambo hilo akilini.

Sasa niseme kwa nini nimechagua habari hii. Katika mkutano wetu wa mwaka jana, tulipokuwa tunajadili bweni jipya tunalolichangia, mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba kitengwe chumba kimoja cha pembeni kwa ajili ya wanafunzi wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi, ili wapate nafasi yao. Hoja ilitolewa kwa nia njema kabisa. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga makofi, lakini sikusema neno pia. Nimekaa na ukimya huo mwaka mzima, na leo nataka kuutua.

Tuanze na swali la darasani. Kirusi ni nini? Hakili, hakipumui, hakikui. Kikiwa peke yake ni kama barua iliyofungwa kwenye bahasha. Hakifanyi lolote mpaka kimfikie mtu wa kuisoma, na msomaji wake ni chembe hai ya mwili wa kiumbe fulani. Chembe ikishaisoma ile barua huanza kuinakili, nakala juu ya nakala. Kwa hiyo ukitaka kukijua kirusi, usikitafute kirusi tu. Tafuta njia barua ilimopita, na nyumba ilimofikia.

Virusi vilijulikana kwanza kwa sababu ya tumbaku, zao ambalo sisi wa Iringa hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 1892 Mrusi aitwaye Ivanovsky aliukamua utomvu wa majani ya tumbaku yenye mabaka, akauchuja kwa chujio ambalo bakteria hawapiti, na bado ule utomvu ukaambukiza majani mazima. Mwaka 1898 Mholanzi Beijerinck akathibitisha kwamba mna kitu kidogo zaidi ya bakteria. Wakulima wa mihogo nao wana ugonjwa wa namna hiyo, wanauita batobato.

Lakini kuna mabaka mengine ambayo watu waliyapenda. Huko Uholanzi, katika karne ya 17, maua ya tulipu yenye michirizi ya rangi mbili yaliuzwa kwa bei ya kutisha, na wachoraji wakubwa wakayaweka kwenye picha zao. Baadaye sana, katika karne ya 20, ikagundulika kwamba michirizi ile ilitokana na kirusi, ambacho pia kilikuwa kikidhoofisha mmea. Watu walikuwa wanatundika ugonjwa ukutani na kuuita uzuri. Kitu hicho hicho shambani ni hasara na ukutani ni pambo. Nilipoyasoma hayo nilianza kujiuliza jinsi sisi tunavyovichora virusi vyetu.

Wazee wetu wa nyanda hizi walikutana na virusi kabla ya neno lenyewe. Mwaka 1891, mwaka ule ule ambao majeshi ya Mkwawa yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti, sotoka ilikuwa imekwisha kuingia nchini. Ilitokea kaskazini, upande wa Uhabeshi, ikateremka hadi kusini mwa Afrika kabla ya karne kwisha. Ng'ombe walikufa kwa makundi, na palipokufa ng'ombe palikufa mahari, samadi, maziwa ya watoto na heshima ya ukoo. Ugonjwa ulikuwa wa mnyama, lakini njaa ilikuwa ya mtu.

Dawa yake ilitoka karibu na kwetu. Pale Muguga, nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walikichukua kirusi chenyewe cha sotoka, wakakipitisha mara nyingi kwenye chembe za figo za ndama mpaka kikapungua ukali, wakakifanya chanjo. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Sotoka na surua ni ndugu. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba huenda virusi hivyo viwili viliachana njia zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Yaani surua iliyowatesa watoto wetu ni jamaa wa sotoka iliyoua ng'ombe wa babu zetu. Mtu alipolala zizi moja na ng'ombe, alishiriki maziwa na alishiriki virusi.

Sasa nakuja kwenye lile lililo karibu zaidi.

Sisi tuliosoma miaka ya 1970 tuliiona barabara kuu ya Zambia ikiwa mpya, na mwaka 1976 tukasherehekea reli ya TAZARA kuanza kazi rasmi. Tuliandika insha juu yake. Tulisema barabara na reli zitaleta maendeleo, na kweli zilileta. Lakini njia haichagui abiria. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni ya wakati huo. Haikuchukua muda, ugonjwa ukawa kwetu, Makambako, Mafinga, Mbeya, Tunduma, kila penye kituo cha malori, baa na nyumba ya wageni.

Watafiti waliofanya kazi Mbeya waligundua kwamba aina tatu za kirusi hiki zinakutana pale: A na D ambazo ni nyingi upande wa kaskazini, na C ambayo ni nyingi upande wa Zambia na Malawi. Zikikutana katika mwili mmoja huweza kuchanganyika, na Mbeya mchanganyiko huo ulionekana kwa wingi. Mtu akisoma vinasaba vya virusi vile ni kama anasoma ramani ya barabara yetu.

Mwaka 1989 niliombwa na kituo kimoja cha afya, kwa kuwa watu walijua nilikuwa nachora tangu shuleni, nichore bango. Nilijitahidi sana. Nilichora mdudu mwekundu, mwenye macho mawili na meno marefu, amekalia kifua cha mtu aliyekonda. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: MUUE KABLA HAJAKUUA. Watu walilisifu. Likakaa ukutani miaka mingi.

Ndugu zangu, walimu wetu wa Kiswahili wapo hapa na watanisahihisha. Katika lugha yetu mdudu na mtu huenda ngeli moja. Nilipoandika "muue", msomaji alikuwa na haki kamili ya kuuliza: auawe nani? Yule mdudu mwekundu, au yule mtu aliyekonda chini yake? Mimi sikuliona swali hilo. Aliliona mwenzetu mmoja.

Sitamtaja jina. Niseme tu kwamba ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya alfajiri, na wenzangu wa wakati ule mmeshamjua. Alikuwa na saa ya mkono pekee bweni zima, akaitumia kututesa. Baada ya shule alikuwa dereva wa malori, Dar es Salaam hadi Zambia na kurudi. Kila akipita Mbeya alilala kwangu, na watoto wangu walimwita Baba Mkubwa kwa sababu ya biskuti.

Mwaka 1993 alikuja bila lori. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Tukakaa sebuleni. Chai ikaletwa kwenye vikombe vyetu vya bati vyenye maua. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikakiondoa kikombe kimoja, nikaenda jikoni, nikarudi na kikombe cha plastiki cha kijani kilichokuwa cha kuchotea maji, nikamwekea yeye.

Nilijua kwamba kirusi hiki hakipiti kwenye kikombe. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa uuguzi jambo hilo hilo kila Jumanne. Lakini siku ile sikuongozwa na vitabu, niliongozwa na picha. Nilikuwa nimemchora mdudu mwekundu mwenye meno, na sasa nilikuwa namwona amekaa kwenye kiti changu.

Alikitazama kikombe, akanitazama, akacheka kidogo. Akasema, "Bwana Maabara, hiki ni kikombe cha mgeni au cha mdudu?"

Sikuwa na jibu. Alikunywa chai yote, akashukuru, akauliza habari za watoto. Jioni, alipokwisha kuondoka, nilikitupa kile kikombe shimoni. Mwaka uliofuata alifariki kwao, karibu na Makambako. Nilihudhuria mazishi. Ilisomwa kwamba marehemu aliugua homa kwa muda mrefu. Mimi niliyejua nilinyamaza, na ule ndio ulikuwa ukimya wangu wa kwanza. Huu wa mwaka jana ni wa pili, na sitaki uwepo wa tatu.

Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyesomea sanaa, aliniletea picha kwenye simu. Akaniambia, "Baba, wewe ni mtu wa virusi, tazama hivi." Zilikuwa sanamu za kioo. Mchongaji wake ni Luke Jerram wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 2004 amekuwa akishirikiana na wataalamu wa virusi na mafundi wa kioo kuviunda virusi kwa ukubwa unaoweza kubebwa mkononi: ndui, mafua, kirusi cha ukimwi. Vyote ni vyeupe vya kuona ndani, havina rangi hata kidogo.

Nikamwuliza kwa nini hakuvipaka rangi. Jibu lake lilinitia aibu, maana mimi ndiye niliyepaswa kulijua. Kirusi cha ukimwi ni kidogo kiasi kwamba ukipanga 10,000 foleni ndio unapata milimita moja. Ni kidogo kuliko mawimbi ya mwanga yenyewe, kwa hiyo hakina rangi. Rangi zote tunazoziona kwenye vitabu na magazeti zimetiwa na watu. Uwekundu na meno vilikuwa vyangu mimi.

Binti akanisimulia pia kwamba mtu mmoja anayeishi na kirusi hicho aliiona picha ya sanamu yake, akamwandikia mchongaji kwamba anashindwa kuacha kuitazama, akijua kwamba mamilioni ya vitu hivyo vimo ndani yake. Hakuona zimwi. Aliona kitu ambacho kwa miaka mingi amekuwa akiishi nacho bila kuonyeshwa sura yake. Nilimfikiria mpiga kengele wetu. Mimi nilimwonyesha bango.

Kuna wanafalsafa siku hizi wanaofikiri kwa njia hiyo. Fikra yao huitwa posthumanizimu. Kwa Kiswahili changu cha maabara, naieleza hivi: ni fikra ya kumteremsha mwanadamu kutoka kwenye kiti cha enzi, akae kwenye mkeka pamoja na viumbe wengine. Wanasema mtu hakuwahi kuwa peke yake, bali amefanywa na wanyama, mimea na vijidudu alioishi nao. Mmoja anayetajwa sana, Donna Haraway wa Marekani, hata hilo jina halipendi. Amesema yeye anajihesabu kuwa mtu wa mboji. Sisi tuliobeba samadi ya shamba la shule kwa vichwa vyetu, katika siku za Elimu ya Kujitegemea, tunamwelewa bila kamusi. Mbojini huwezi kutenganisha hiki na kile, na ndimo mahindi yanamoota.

Wala fikra hiyo haikutoka ng'ambo peke yake. Nyumbani kwangu nina kinyago cha Kimakonde cha mpingo, mtindo wa ujamaa, watu wamebebana na kushikana mpaka huwezi kusema mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Katika vinyago vya mashetani, ambavyo Samaki Likankoa alianza kuvichonga miaka ya 1950, mtu na mnyama huingiliana mwili mmoja. Na ni Wamakonde hao hao waliotoa jina ambalo dunia nzima inalitumia kwa kirusi kilichotambuliwa huko kwao, upande wa Newala, mwaka 1952: chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Hawakukiita adui. Walitaja kinachotokea kati yake na mwili.

Sayansi nayo imefika huko huko. Vinasaba vya mwanadamu viliposomwa, ilionekana kwamba karibu asilimia 8 ni mabaki ya virusi vya kale vilivyojiandika katika daftari la miili ya mababu zetu, mamilioni ya miaka iliyopita, vikarithiwa. Mengi ya mabaki hayo yamelala. Lakini moja lina kazi. Mwaka 2000 watafiti walieleza kwamba protini inayounganisha chembe za kondo la nyuma, pale mimba inaposhikamana na mama, imetoka kwa kirusi cha namna hiyo. Shemeji zetu, ninyi mliojifungua mnajua kondo ni nini, na bibi zetu walilizika kwa heshima. Kila mmoja wetu humu, hata yule aliyetoa hoja, alilishwa tumboni mwa mama yake kwa msaada wa kitu kilichokuwa kirusi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, huyu mzee sasa anataka tuvipende virusi. La, hasha. Nimepokea sampuli za watoto ambao wiki iliyofuata niliambiwa wamezikwa. Nimeona nyumba ambazo bibi wa miaka 70 alibaki na wajukuu sita. Falsafa isiyo na dawa ni porojo, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kondomu na vipimo vimepitwa na wakati. Ninachosema ni kwamba tukikosea picha, tutakosea na mahali pa kupiga. Aliyechora mdudu alimpiga mtu. Anayeiona njia ya barua ataangalia barabara, baa, umaskini wa binti anayehudumu pale, ulevi wetu wanaume, na sindano isiyo safi.

Lugha yetu imeshajisahihisha, sisi ndio tumechelewa. Zamani tulisema amekanyaga miwaya, tukasema mwathirika. Leo tunasema mtu anayeishi na virusi. Na zile dawa, ambazo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, tunaziita dawa za kufubaza. Haziui kirusi chote, kwa sababu kimeshajiandika ndani ya chembe. Zinakifubaza, kama kanga inavyofubaa juani, mpaka vipimo haviwezi kukiona, na mtu aliyefikia hapo na kuendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake. Dawa ziliuondoa ule wekundu nilioupaka mimi.

Hesabu zetu si ndogo. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023, maambukizi kwa watu wazima nchini yalikuwa asilimia 4.4. Njombe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Iringa, ilikuwa na 12.7, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Lakini msisome takwimu hizo kama mabango. Miongoni mwa watu waliokuwa wakitumia dawa nchini, asilimia 94 hivi walikuwa wamekifubaza kirusi. Sehemu ya ukubwa wa hesabu ile ni watu ambao mwaka 1993 wangekuwa kaburini. Leo wanalima viazi, wanafundisha, wanaendesha malori. Tena watu wa Mbeya wamejitolea miili yao katika majaribio ya chanjo kwa miaka mingi. Jaribio moja kubwa lililofanyika pia Dar es Salaam, Masaka na Durban lilisimamisha chanjo zake mwezi Novemba 2023 baada ya kuonekana kwamba hazitafaulu. Waliojitolea hawakupata chanjo, lakini walitusaidia kujua.

Sasa narudi kwenye hoja ya chumba cha pembeni.

Ndugu Mwenyekiti, chumba kile ni kikombe changu cha kijani. Kimejengwa kwa matofali na kitapakwa rangi nzuri, lakini ni kikombe kile kile. Siku ya kwanza mtoto atakapoingia humo na godoro lake, shule nzima itajua jambo ambalo Sheria ya mwaka 2008 inasema ni siri yake. Kuna watoto watakaoacha kunywa dawa ili wasilale humo, na kirusi kitakoza rangi tena. Hatutakuwa tumemtenga kirusi. Tutakuwa tumemtenga mtoto, na barua itaendelea kusafiri.

Niliwauliza wauguzi wanaoshughulika na vijana wa namna hii, mtoto wa bweni anahitaji nini. Hawakutaja chumba. Walisema anahitaji sanduku lenye kufuli, na kila mwanafunzi awe na sanduku la namna hiyo hiyo, ili lisiwe alama. Anahitaji kunywa dawa yake saa ile ile kila siku, na kwa wengi siku hizi ni kidonge kimoja. Anahitaji chakula cha kutosha, ruhusa ya kwenda kliniki bila kuulizwa maswali mbele ya gwaride, na mlezi mmoja anayejua kunyamaza. Gharama ya haya haifiki nusu ya kile chumba.

Kwa hiyo natoa hoja kwamba fedha za chumba cha pembeni zitumike kununua masanduku yenye kufuli kwa bweni zima, kila kitanda sanduku moja, na kinachobaki kiongezwe kwenye mfuko wa chakula.

Na kama miongoni mwetu humu yumo anayeishi na kirusi hiki, na kwa hesabu za mikoa yetu ni lazima yumo, sitauliza ni nani. Namwambia tu kwamba nyumbani kwangu vikombe vya bati vyenye maua bado vipo vitano. Akipita Mbeya aje tunywe chai.

Kengele ya chakula imekaribia, na leo ingekuwa zamu ya yule mwenzetu kuipiga.